Jengo la Voortrekker, Pretoria: dhana potofu na ukweli wake

Juu ya kilima kusini mwa Pretoria limesimama jengo la zege na matale, mita 40 kwenda juu na mita 40 kila upande wa kitako. Linawakumbuka Voortrekker, yaani Makaburu waliohama Rasi (Cape), koloni la Waingereza, miaka ya 1830 na magari yao ya maksai. Mengi yanasemwa juu yake.

"Piet Retief amezikwa humo." Hapana. Jiwe lile la ukumbi wa chini ni kaburi tupu, la ishara. Retief, mmoja wa viongozi wao, aliuawa Februari 1838 kwa amri ya mfalme Dingane, akazikwa karibu na Mgungundlovu, makao ya mfalme huyo, kwenye nchi ya Wazulu.

"Desemba 16 mwanga hushuka kwa muujiza." Ni hesabu tu. Msanifu Gerard Moerdijk aliacha tundu kwenye kuba. Saa sita mchana mwale hupita hapo, ukashuka kupitia uwazi wa duara katika sakafu ya Ukumbi wa Mashujaa hadi kwenye maneno "Ons vir jou, Suid-Afrika" (Sisi kwa ajili yako, Afrika Kusini). Wengine hudhani wakati huo jua liko utosini. Pretoria iko nje ya tropiki, kwa hiyo jua halifiki utosini mwaka mzima. Siku hiyo hubaki nyuzi mbili na ushei upande wa kaskazini. Tena mwishoni mwa Desemba njia ya jua hubadilika kidogo sana, hivyo siku za jirani nazo mwale hupita karibu na pale pale. Wingu likitanda, huoni kitu.

"Magari 64 yanayolizunguka ni ya kweli." Ni michongo ya ukutani, idadi imeigwa kutoka kambi ya Makaburu katika vita vyao na Wazulu vya Mto Ncome, Desemba 16, 1838. Na ile michongo 27 ya marumaru iliyomo ndani, mita 92 kwa jumla, ilichongwa Florence, Italia.

"Lilijengwa na serikali ya ubaguzi wa rangi." Kazi ilianza 1937, chama cha D.F. Malan, kilicholeta sera hiyo ya ubaguzi, kilishinda uchaguzi 1948. Kilichofanya ni kulizindua Desemba 16, 1949, na kuligeuza jukwaa lake, na hapo ndipo watu wanapochanganya.

"Walihama kutafuta uhuru." Uhuru wa nani? Waingereza walitangaza mwisho wa utumwa Rasi mwaka 1834. Ilani ya Retief ya 1837 inalalamikia hasara walizopata wenye watumwa. Inaahidi kwamba huko waendako hakuna atakayefanywa mtumwa, kisha papo hapo inasisitiza kulinda uhusiano "unaofaa" kati ya bwana na mtumishi. Na watumishi hao, Weusi na Machotara kwa wingi, walikuwa ndani ya msafara ule ule, wakiongoza maksai na kuchunga mifugo.