Mkutano wa kijani ni nini hasa?

Mkutano wa kijani ni ule ambao waandaaji wamepunguza kwa makusudi safari, nishati, chakula kinachomwagwa na taka, na wanaweza kusema wamepunguza kiasi gani. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Andika lita za dizeli zilizochomwa na jenereta (lita moja hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi), pima mabaki ya chakula kwa mizani, kisha gawa kwa idadi ya waliofika, si waliojiandikisha. Kugawa mifuko ya kitambaa yenye nembo hakutoshi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo hapo umetii sheria tu.

Mzigo mkubwa kwa kawaida ni safari, hasa kukiwa na wageni wa ndege. Kwa Dar es Salaam, anza na ukumbi unaofikika kwa mabasi ya mwendokasi, kama Arnautoglu pale Mnazi Mmoja. Wa Morogoro na Dodoma wana treni ya umeme, basi itazame ratiba yake kabla ya kupanga saa ya kufungua mkutano. Wa Mwanza wakusanyike hukohuko wafuatilie mubashara. Epuka masika, Machi hadi Mei: Jangwani pakifurika, mabasi husimama na kila mtu anaita teksi.

Maji ni hesabu nyepesi. Watu 200 kwa siku mbili, kila mmoja chupa tatu za nusu lita kwa siku, ni chupa 1,200. Maji hayohayo ni lita 600, yaani madumu 32 ya lita 18.9. Mambo huharibika wakati wa chai: dispensa ni mbili, foleni ni ndefu, na mhudumu anakimbilia katoni za chupa ili kuokoa jahazi. Weka dispensa moja kwa kila watu 50 na mtu wa kubadilisha madumu. Glasi nazo zinahitaji mwoshaji. Mkubaliane na ukumbi mapema nani anamlipa.

Kwenye chakula ndiko pesa na mazingira hupotea pamoja. Mpishi hupika kwa idadi uliyompa, na mkutano wa bure hujaza majina ya watu wasiokuja. Siku mbili kabla, waombe wathibitishe kwa ujumbe wa simu, kisha mpe mpishi idadi hiyo. Sinia za pilau zitoke jikoni kwa awamu, zisipangwe zote mezani saa sita. Chakula kilichokaa kwenye joto letu zaidi ya saa mbili si cha kumpa mtu. Kilichobaki jikoni kikiwa moto bado kinafaa, mradi wa kukichukua amepatikana kabla ya siku yenyewe.

Mapipa ya rangi tatu hupendeza kwenye picha. Kama hujapanga nani anachukua kipi, yote yatamwagwa kwenye gari moja hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, na mabaki ya chakula yataoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Tafuta kwanza mnunuzi wa chupa na mfugaji au mtengeneza mboji, halafu ndipo uweke mapipa, na kijana wa kusimama hapo wakati wa chakula cha mchana.

Kamba za beji zikusanywe mlangoni, na bango lisiandikwe mwaka, ili vyote vitumike tena.