Omu Peke Yake Haitoshi: Jinsi ya Kuchagua Amplifaya ya Hedifoni

Katika karakana yangu hapa Kaloleni, Arusha, mteja anayetafuta amplifaya ya hedifoni huanza karibu kila mara kwa swali moja: "Fundi, hii ina omu ngapi?" Akiambiwa 300, anakata tamaa na kuanza kuulizia mashine kubwa, akiambiwa 60 au 32, anafurahi na kusema kwamba basi simu yake inatosha. Imani hiyo, kwamba omu nyingi ndiyo hedifoni ngumu kuendesha na omu chache ndiyo nyepesi, imewafanya watu wenye akili timamu wanunue wasivyovihitaji, na wengine wamefungia kabatini hedifoni nzuri kabisa kwa kudhani kwamba ni mbovu. Juma hili nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtayarishaji wa muziki wa Sakina ambaye masikio yake nayaheshimu, na nimeona bora niandike mara moja yote ninayoyarudia kwa mdomo.

Omu hupima impidansi, yaani ukinzani wa hedifoni dhidi ya umeme, na impidansi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni usikivu, yaani hedifoni hutoa sauti kubwa kiasi gani, kwa desibeli, inapopewa kiasi fulani cha umeme. Anayeuliza omu peke yake anampa fundi cherehani kipimo cha kiuno bila urefu wa mguu, kisha anategemea suruali imkae. Tena usikivu wenyewe huandikwa kwa namna mbili, ama kwa miliwati moja ama kwa volti moja, na mtu akilinganisha namba ya namna ya kwanza na namba ya namna ya pili bila kuzigeuza, ulinganisho wake hauna maana yoyote. Hesabu ya kuzigeuza ni ndogo: wati ni volti mara volti, ukigawa kwa omu.

Tuzipe hedifoni nne volti moja kila moja, kiasi ambacho simu nyingi na vigeuzi vidogo vya kuchomeka kwenye simu huweza kukaribia, tukitumia namba za watengenezaji wenyewe. Beyerdynamic DT 880 ya omu 600, yenye desibeli 96 kwa miliwati, itapata miliwati 1.7 na kufika desibeli 98 hivi. Sennheiser HD 650 ya omu 300 imeandikwa desibeli 103 kwa volti moja, kwa hiyo ni 103. Audeze LCD-X, ambayo ni plana (hedifoni yenye utando bapa unaosukumwa na sumaku) ya omu 20 na desibeli 103 kwa miliwati, itapata miliwati 50 na kufika 120, sauti ya kuumiza. Sasa HiFiMAN Susvara, plana ya omu 60 na desibeli 83 kwa miliwati: volti ile ile inaipa miliwati 17, na inaishia kwenye desibeli 95. Hedifoni ya omu 60 imekuwa na sauti ndogo kuliko ile ya omu 600. Nani angelitabiri hilo kwa kutazama omu?

Mimi huhesabu kwa lengo la desibeli 110 kwenye vilele vya muziki. Lengo hilo ni uamuzi wangu, na fundi mwingine atachagua 105 au 115 bila kuwa amekosea, kwa sababu muziki wa kwaya uliorekodiwa vizuri una tofauti kubwa kati ya sauti ndogo na vilele, ilhali bongo fleva ya leo imebanwa kiasi kwamba vilele vyake viko jirani sana na wastani. Kilele cha 110 hakimaanishi usikilize kwa 110. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, kwa hiyo wastani wa kusikiliza nyumbani ubaki chini ya hapo.

Kwa lengo hilo, HD 650 inahitaji volti 2.2 na mkondo wa miliampea 7 hivi, jumla miliwati 17. DT 880 ya omu 600 inahitaji volti 3.9, lakini miliwati 25 tu. Susvara inahitaji volti 5.5 na miliampea 91, yaani nusu wati nzima. Hapo ndipo penye chanzo cha imani potofu: hedifoni ya omu nyingi inadai volti, na simu ina volti chache, kwa hiyo mtu akiichomeka kwenye simu anasikia sauti ndogo na kuhukumu kwamba "inataka nguvu". Haitaki nguvu, inataka volti. Plana yenye usikivu mdogo inataka volti na mkondo kwa pamoja, na hiyo ndiyo inayostahili kuitwa ngumu.

Kutokana na hilo, tangazo la amplifaya linalosema "wati moja na nusu" bila kutaja omu halijasema kitu. Amplifaya inayoweza kutoa volti 5, mradi ina mkondo wa kutosha, itatoa zaidi ya wati 1.5 kwenye omu 16, na miliwati 83 tu kwenye omu 300. Ni mashine ile ile. Wauzaji huandika ile namba kubwa. Tafuta jedwali linaloonyesha wati kwa 32, kwa 300 na ikiwezekana kwa 600, kisha uweke hesabu ya hedifoni yako kando yake. Ukishavuka mahitaji ya hedifoni, wati za ziada haziongezi besi wala "uhai" wa sauti. Zinabaki akiba isiyoguswa. Na zinaweza kudhuru: geini kubwa, yaani kiwango kikubwa cha kukuza mawimbi, kwenye hedifoni yenye usikivu mkubwa huleta mlio wa "shii" nyuma ya muziki, na hukulazimisha ukae mwanzoni kabisa mwa kitufe cha sauti, mahali ambapo vitufe vingi vya kawaida havilingani kushoto na kulia. Chagua geini ndogo kwanza, na upande ikishindikana.

Sasa niingie kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni impidansi ya kutokea ya amplifaya, yaani ukinzani wa amplifaya yenyewe kwenye tundu la hedifoni. Kuna kanuni inayoenea kwamba isizidi moja ya nane ya omu za hedifoni. Kama tahadhari ni nzuri, nami huitumia ninapomshauri mtu ambaye sitamwona tena. Lakini watu wameigeuza sheria, na sababu wanayoitoa, kwamba bila hiyo amplifaya "haiishiki" spika ndogo iliyo sikioni na besi inalegea, ni dhaifu, kwa kuwa katika hedifoni sehemu kubwa ya kutuliza mtetemo hufanywa na hewa, vitambaa na umbo la kikombe chenyewe. Kinachobadilika kweli ni mizania ya sauti, yaani uwiano wa besi na sauti za juu, na kinabadilika kwa sababu impidansi ya hedifoni nyingi za dainamiki, zenye koili na koni kama spika ya kawaida, si namba moja. Hupanda na kushuka kulingana na masafa, kuanzia besi hadi sauti za juu. HD 650 ni omu 300 katikati, ila kwenye besi hupanda hadi kukaribia 500. Ukiichomeka kwenye amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za redio za zamani) yenye omu 120 za kutokea, kwenye omu 300 hedifoni hupata asilimia 71 ya volti, na kwenye 500 hupata asilimia 81. Tofauti hiyo ni desibeli moja hivi ya besi ya ziada. Kwa HD 650 wengi huipenda, nami nimo kati yao. Wanaoisifu kama siri ya valvu wanasifu, kwa sehemu kubwa, mgawanyo wa volti ambao rezista ya bei ya pipi ingeweza kuufanya.

Hizo omu 120 nazo si uzembe wa mtu. Waraka wa viwango wa IEC 61938 wa mwaka 1996, wa tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, ndio uliopendekeza omu 120 kwa tundu la hedifoni, na vifaa vingi vya zamani vilijengwa kwa fikra hiyo. Kwa hiyo mtu akiniletea risiva ya zamani na kuniambia kwamba tundu lake la hedifoni "limeharibika" kwa kuwa besi imevimba, kwanza naangalia ni hedifoni gani anayotumia kabla sijashika bisibisi.

Kwenye plana hali ni nyingine kabisa: impidansi yao ni karibu mstari ulionyooka, kwa hiyo omu za kutokea hupunguza ukubwa wa sauti tu na mizania haibadiliki. Kwenye vipokea sauti vya kuchomeka ndani ya sikio vyenye spika ndogo kadhaa, hatari ni kubwa mno. Tuseme kimoja kinashuka hadi omu 8 na kupanda hadi 40. Amplifaya ya omu 10 za kutokea itakipindisha kwa desibeli 5, na hapo husikilizi tena kile alichokikusudia mtengenezaji. Ndiyo maana nasema kanuni ya moja ya nane ni kali kupita kiasi kwa plana, na kwa vile vya ndani ya sikio hata haitoshi nyakati nyingine. Ukiweza, pata amplifaya yenye omu chini ya moja, na mjadala wote unakwisha.

Tundu la balansi, ambalo kila sikio lina jozi yake ya waya, la milimita 4.4 au la XLR ya pini nne, nalipitia haraka. Huweza kukupa volti maradufu, na impidansi ya kutokea nayo huongezeka maradufu. Kama tundu la kawaida linafikisha volti unazohitaji, huna haja ya balansi. Hedifoni za elektrostatiki kama za Stax, zinazotaka volti 580 za bayasi (umeme wa kudumu wa kuchaji utando wake), zina amplifaya zao wenyewe na haya yote hayazihusu.

Katika kulinganisha, amplifaya mbili nzuri hutofautiana kidogo sana, na sikio huipenda ile yenye sauti kubwa kidogo bila kujua kwamba ni kubwa. Chomeka hedifoni, cheza toni ya hezi 1,000, pima kwa multimeta kwenye waya, na usawazishe: volti 0.500 dhidi ya 0.506 tayari ni sehemu ya kumi ya desibeli. Bila hatua hiyo, maoni yako ni juu ya kitufe cha sauti. Kulinganisha hedifoni ni kugumu zaidi, na hapa vitabu huficha shida: hedifoni mbili zina mizania tofauti, kwa hiyo ukizisawazisha kwenye hezi 1,000 huenda moja bado ikasikika kubwa, na mimi humalizia kwa sikio na kelele ya waridi, yaani mvumo wa majaribio wenye masafa yote kwa pamoja, njia nisiyoweza kuitetea mbele ya mhandisi mkali. Miwani, nywele zilizosukwa na mito iliyochakaa huvujisha besi. Grafu za vipimo vya hedifoni, juu ya hezi 8,000, hutegemea sikio la bandia lililopimia, ambalo si lako. Rekodi za dansi za Radio Tanzania za miaka ya 1970, ambazo wazee wa Moshi huniletea kwenye flashi, ni mono. Zinafaa sana kupima sauti ya mwimbaji na gitaa, ila hazikuambii lolote juu ya upana wa jukwaa, yaani jinsi ala zinavyosikika zimetawanyika kushoto na kulia. Tofauti kati ya hedifoni na hedifoni ni desibeli nyingi, kwa hiyo fedha iende huko kwanza, amplifaya ifuate hesabu.

Jambo la mwisho ni umeme wetu. Amplifaya iliyotumika kutoka Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120. Ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma ya kushusha, inaungua. Soma kibandiko cha nyuma, maana nyingine zina swichi na nyingine hazina. Na ukisikia mvumo unaonyamaza unapochomoa chaja ya kompyuta, amplifaya haina kosa: kagua ethi (waya wa ardhini) ya nyumba, au sikiliza kwa betri.