Wafalme wa Ugiriki na viti vya Olimpiki: nani hasa anachagua wakubwa wa michezo duniani?

Machi 20, 2025 Kirsty Coventry wa Zimbabwe alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza, na tangu siku ile swali ninaloulizwa kuliko lolote na wanafunzi wangu ni hili: mwalimu, hivi nchi yetu ilimpigia kura nani? Jibu ni kwamba nchi yetu haikupiga kura. Hakuna nchi iliyopiga kura. Walipiga watu 97, mmoja mmoja, kwa siri, na wengi wao waliingia humo ndani kwa kuchaguliwa na wale waliokuwa ndani kabla yao. Ukitaka kuelewa mambo yalifikaje hapo inabidi urudi Ugiriki, na ukirudi Ugiriki huwezi kukwepa kukutana na ukoo mmoja wa kifalme, kwa hiyo leo naomba tukae na huu ukoo kidogo.

Kwanza jueni kwamba wafalme wa Ugiriki wa enzi hizi hawakuwa Wagiriki wa asili. Nchi ilipopata uhuru wake kutoka kwa Waturuki mataifa makubwa yaliwaletea mfalme Mjerumani, Otto, wakamwondoa mwaka 1862, halafu 1863 akaletwa kijana wa miaka 17 kutoka Denmark, mtoto wa mrithi wa kiti cha ufalme wa huko, akapewa jina la George wa Kwanza. Sasa fikiria wewe ni mfalme wa kuletwa, lugha umeijulia ukubwani, na unajua kabisa yule aliyekutangulia alifukuzwa, lazima utafute kitu cha kukuunganisha na wananchi. Mwaka 1894 kitu hicho kikaja chenyewe. Mfaransa Pierre de Coubertin aliitisha mkutano Paris, wakakubaliana kufufua michezo ya Olimpiki na kwamba ya kwanza ifanyike Athens 1896, na rais wa kwanza wa IOC akawa Mgiriki aliyekuwa akiishi Paris, Demetrius Vikelas.

Tatizo lilikuwa hela. Ugiriki ilikuwa imefilisika 1893, na waziri mkuu Charilaos Trikoupis hakutaka kusikia habari ya michezo, na mimi simlaumu, serikali imeshindwa kulipa madeni halafu uanze kujenga viwanja? Lakini nyumba ya mfalme ililishika jambo lenyewe. Mrithi wa kiti, Constantine, akawa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, michango ikaanza kukusanywa, na tajiri Mgiriki wa Alexandria kule Misri, Georgios Averoff, akatoa fedha za kuukarabati ule uwanja wa kale wa Athens kwa marumaru nyeupe. Trikoupis akajiuzulu mwanzoni mwa 1895, michezo ikaendelea. Hapo ndo siasa ya nchi na michezo ya dunia vilishikana mikono kwa mara ya kwanza, na mpaka leo havijaachiana.

Sasa nataka muione picha moja. Ni Aprili 10, 1896, mchana, uwanja umefurika, mbio ndefu kutoka mji wa Marathon zinakaribia kwisha na Wagiriki wana hamu ya kufa kwa sababu kwenye riadha hawajashinda kitu. Mara anaingia kijana mwembamba mwenye vumbi, Spyridon Louis, mchota maji kutoka Marousi. Uwanja unalipuka. Wana wa mfalme wawili, Constantine na mdogo wake George, wanashuka na kuanza kukimbia naye, mmoja huku mmoja kule, mpaka kwenye mstari wa kumalizia mbele ya baba yao. Alitumia saa 2 dakika 58 na sekunde 50. Mchota maji katikati ya wana wa mfalme wawili, wote jasho, na maelfu wanashangilia, ukiwa mfalme uliyetoka Denmark hakuna hotuba inayoweza kukupa kitu kama kile. Ndo maana baada ya michezo George wa Kwanza aliomba kwenye dhifa kwamba Olimpiki ibaki Ugiriki milele. Coubertin hakutaka, yeye alitaka izunguke dunia na ya pili iende kwao Paris 1900, na mwaka uliofuata, 1897, Ugiriki ikapigana na Waturuki ikashindwa vibaya, ombi la mfalme likafia hapo. Walikuja kufanya michezo yao Athens 1906 lakini IOC haiitambui hiyo mpaka leo.

Coubertin ndo alichukua urais baada ya 1896 akakaa nao mpaka 1925. Na mfumo aliousimamia ndo kiini cha somo langu. Yeye hakutaka wajumbe wanaotumwa na serikali, alihofia serikali zitaiteka michezo, kwa hiyo kanuni ikawa mjumbe haiwakilishi nchi yake ndani ya IOC, anaiwakilisha IOC ndani ya nchi yake. Isome tena hiyo sentensi taratibu. Na wajumbe wapya wanachaguliwa na wajumbe waliopo. Wazo lenyewe lilikuwa na nia njema, lakini matokeo yake ni yapi? Ukiwaachia watu wachache wachague wenzao watachagua wanaofanana nao, wanaojuana, wenye nafasi ya kusafiri kwa gharama zao na jina la kufungulia milango. Yaani wafalme, watoto wa wafalme, majenerali, matajiri. Hata mwaka 1963 IOC ilipompokea Mwafrika mweusi wa kwanza, Sir Adetokunbo Ademola wa Nigeria, alikuwa jaji mkuu wa nchi yake na baba yake alikuwa Alake, mfalme wa Egba.

Mwaka huo huo wa 1963 aliingia pia kijana mwingine, na sasa tunarudi kwenye ukoo wetu. Constantine, mrithi wa kiti cha Ugiriki, kitukuu wa yule George wa Kwanza. Huyu hakubebwa na jina tu, lazima tumpe haki yake. Rome 1960, akiwa na miaka 20, alibeba bendera ya Ugiriki kwenye ufunguzi, halafu yeye na wenzake wawili, Odysseus Eskitzoglou na Georgios Zaimis, wakashinda dhahabu ya mashua za matanga kwenye ghuba ya Naples, dhahabu ya kwanza ya Ugiriki tangu 1912. Dada yake Sofia alikuwa mchezaji wa akiba kwenye timu hiyo. Walipofika gatini mama yao, Malkia Frederica, alimsukuma mwanae baharini na nguo zake, ndo desturi ya mabaharia wakishinda.

Na hapa naomba niingize kitu kinachotuhusu sisi wa huku, maana watu wengi hawakijui kabisa: mkutano wa IOC wa 1963 ulikuwa ufanyike Nairobi. Serikali ya Kenya, iliyokuwa inaelekea kwenye uhuru, ikakataa kuwaruhusu wajumbe wa Afrika Kusini ya ubaguzi kuingia nchini, na IOC badala ya kuachana na hao wajumbe ikauhamishia mkutano Baden-Baden, Ujerumani. Mimi kila nikilisoma hili napata uchungu na fahari kwa pamoja. Tungekuwa na mkutano mkubwa wa michezo duniani kwenye ardhi yetu, tukaukosa, na tulikuwa sahihi kuukosa.

Constantine akawa mfalme Machi 1964 baada ya baba yake kufariki. Aprili 21, 1967 wanajeshi wakapindua serikali, Desemba 13 mwaka huo huo mfalme akajaribu kuwapindua na yeye, akashindwa, akapanda ndege na familia akaenda Rome, mji ule ule aliobeba bendera miaka 7 nyuma. Juni 1973 wanajeshi wakafuta ufalme, nao walipoanguka, Desemba 8, 1974 wananchi wakapiga kura huru ya maoni na takriban asilimia 69 wakasema hawataki mfalme. Sasa angalia kiti chake cha IOC. Alikuwa nje ya nchi tangu 1967 lakini alibaki mjumbe mpaka 1974, na baada ya hapo akafanywa mjumbe wa heshima mpaka kufa kwake. Sisi tunasema mla ni mla leo, mla jana kala nini, ila ndani ya hii kamati mla jana alibaki na sahani yake mezani. Nchi iliyompoteza haikuwa na la kusema kwa sababu kwa kanuni hakuwa mwakilishi wake.

Serikali ya Athens ilikuwa kali kwake. Mama yake alipofariki 1981 aliruhusiwa kuingia kwa saa chache tu akamzike Tatoi, kwenye makaburi ya familia ya kifalme nje ya Athens, halafu aondoke. Yule yule mama aliyemsukuma baharini Naples. Lakini Olimpiki ya 2004 iliporudi Athens alikuwepo akiwa mjumbe wa heshima wa IOC. Michezo ilimpa mlango ambao siasa ilikuwa imeufunga, na nadhani hii inaeleza vizuri kuliko nadharia yoyote kwa nini koo za kifalme zinaipenda sana hii michezo.

Na sio yeye peke yake, hebu fuatilia matawi. Mtoto mwingine wa George wa Kwanza aliitwa Andrew, alifukuzwa Ugiriki 1922, familia ikatoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza na kitoto chao cha miezi 18 kikiwa kimelazwa kwenye boksi la matunda. Kitoto hicho ndo Philip, aliyekuja kumuoa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwaka 1964 Philip akawa rais wa shirikisho la dunia la michezo ya farasi, FEI, akichukua kutoka kwa Bernhard, mume wa Malkia wa Uholanzi. Alikaa miaka 22. Akamfuata nani? Binti yake Anne, 1986. Akafuata Pilar wa Uhispania, dada wa Mfalme Juan Carlos, na Juan Carlos alikuwa ameoa Sofia yule wa timu ya Ugiriki ya 1960, kwa hiyo Pilar na Sofia ni mawifi na Constantine ni shemeji yake Juan Carlos. Baada ya Pilar akaja Haya, binti wa Mfalme Hussein wa Jordan, mpaka 2014. Kuanzia 1954 mpaka 2014, miaka 60, shirikisho la dunia halijaongozwa na mtu asiye wa nyumba ya kifalme! Wako waliopanda farasi kweli kweli, Anne alishindana Montreal 1976, mimi sisemi walikuwa wabovu. Nasema kwamba msururu wa namna hiyo hautokei kwa bahati.

Kilichoanza kulegeza mambo ni aibu. Mwishoni mwa 1998 ikafichuka kwamba baadhi ya wajumbe wa IOC walipokea zawadi na hela kutoka kwa watu wa Salt Lake City waliokuwa wanatafuta kuandaa michezo ya baridi ya 2002. Wajumbe 6 walifukuzwa Machi 1999, wengine wakajiuzulu, akiwemo mjumbe wa Kenya. Desemba ya mwaka huo kanuni zikabadilishwa, wajumbe wakawekewa kikomo cha 115, muda wa miaka 8 unaohuishwa, umri wa kustaafu ukashushwa hadi 70 kwa wanaoingia, na muhimu kuliko yote zikatengwa nafasi 15 za wanamichezo wenyewe. Kwa mlango huo wa wanamichezo ndo Coventry aliingia 2013. Na dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 200 za kuogelea chali, aliipata wapi? Athens, 2004, mashindano yale yale ambayo Constantine alirudi kuyaona.

Kwa hiyo tukirudi kwenye zile kura 97 za Machi 2025, zilizopigwa Costa Navarino, huko huko Ugiriki, wagombea walikuwa 7. Coventry alipata 49 raundi ya kwanza, yaani alichokuwa anahitaji hasa. Wa pili kwa kura 28 alikuwa Juan Antonio Samaranch, ambaye baba yake mwenye jina hilo hilo aliiongoza IOC miaka 21 na akapewa cheo cha umarkisi na Mfalme Juan Carlos, shemeji yake Constantine. Sebastian Coe, aliyekuwa akiongoza shirikisho la riadha la dunia, alipata 8. Na mwana wa mfalme pekee kwenye orodha, Feisal wa Jordan, kaka yake Haya kwa baba, alipata 2. Miaka ya nyuma jina kama lile lingempeleka mbali zaidi, mimi naamini hivyo. Lakini msijidanganye kwamba mfumo umebadilika wote: wagombea walipewa dakika 15 tu za kujieleza mbele ya wajumbe, milango imefungwa, bila kuulizwa swali, na wapiga kura ni wale wale waliochaguana. Anne, kitukuu wa yule George wa Kwanza, yaani mjukuu wa Andrew, amekuwa mjumbe tangu 1988 na bado yumo.

Constantine alifariki Athens Januari 10, 2023, akazikwa Tatoi karibu na wazazi wake. Desemba 2024 watoto wake walirudishiwa uraia wa Ugiriki baada ya kukubali jamhuri kwa maandishi na kuchukua jina la ukoo, kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho. Na ule uwanja wa marumaru aliokimbia Louis bado uko pale Athens, unalipa kiingilio unaingia, na kule kwenye kona ya duara vipo viti viwili vilivyochongwa kwa ajili ya mfalme na malkia. Wageni wanapanga foleni, wanakaa mmoja mmoja, wanapiga picha, wanashuka.