Kabla ya Kulipa Ada ya Urubani, Nenda Ukahesabu Ndege Zinazoruka

Wazazi na vijana wanaokuja kwetu kuulizia vyuo vya urubani karibu wote huanza na ada. Wana haki, maana mafunzo haya ni ghali, na familia nyingi huuza mali au hukopa ili kuyagharamia. Lakini ada iliyoandikwa kwenye kipeperushi haikuambii utakuwa umelipa kiasi gani siku utakayopata leseni. Kinachoamua hilo ni jambo ambalo vyuo vichache hulitangaza: mwanafunzi wa pale anaruka mara ngapi kwa wiki.

Kurusha ndege ni kazi ya mikono, macho na masikio kwa wakati mmoja, na mwanzoni husahaulika haraka. Mwanafunzi aliyeanza juzi kutua vizuri akikaa wiki mbili chini, hurudi akiinua pua ya ndege mapema mno au akichelewa, na somo zima linaishia kurudia ya nyuma. Somo hilo la marudio analilipia bei ileile. Anayeruka mara tatu au nne kwa wiki huchukua pale alipoachia.

Ndiyo maana ada nafuu huweza kugeuka ghali. Vipeperushi vingi hupiga hesabu kwa kiwango cha chini cha sheria. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya urubani wa biashara huhitaji saa 200 za kuruka, au 150 ukiipata kupitia kozi iliyoidhinishwa. Marekani ni saa 250, au 190 kwa vyuo vyenye idhini maalumu. Leseni ya rubani binafsi, ambayo kwa wengi ndiyo hatua ya kwanza, kima chake cha chini ni saa 40, na wengi huipata wakiwa wameshapita hapo. Basi waulize: wahitimu wenu wa mwaka jana walimaliza wakiwa na saa ngapi, na kila saa ya ziada ni bei gani? Chuo kinachotunza kumbukumbu zake hakihangaiki kulijibu swali hilo.

Baada ya hapo toka ofisini, nenda zinakoegeshwa ndege. Usihesabu zilizopo, hesabu zinazoruka. Ndege yenye tairi iliyolala, vumbi kwenye propela na nafasi wazi pale palipokuwa na redio haitakufundisha chochote, hata kama picha yake iko kwenye tangazo. Fanya hesabu ndogo. Chuo chenye wanafunzi 40, kila mmoja akiruka mara tatu kwa wiki kwa saa moja na nusu, kinahitaji saa 180 za ndege kila wiki. Ndege moja ikifanya kazi saa sita kwa siku, siku sita, inatoa saa 36. Zinahitajika ndege tano nzima kila siku, kabla hujatoa siku za mvua na upepo. Ukikuta mbili, umeshajua mwanafunzi wa 40 anasubiri nini.

Matengenezo nayo yanakula siku. Katika nchi nyingi ndege ya mafunzo hukaguliwa kila baada ya saa 100 za kuruka, na kwa chuo chenye shughuli nyingi saa hizo hutimia ndani ya wiki chache tu. Uliza nani hufanya ukaguzi: wana mafundi wao pale pale, au ndege hupelekwa uwanja mwingine ikasubiri zamu? Omba kuonyeshwa daftari la hali ya ndege, lile ambalo marubani huandikia hitilafu. Daftari tupu lisikufurahishe. Ndege za mafunzo hutua kwa kishindo mara nyingi kwa siku, na mahali ambapo hakuna anayeandika kitu, mara nyingi watu wamejifunza kunyamaza. Ninachotafuta mimi ni hitilafu iliyoandikwa, na chini yake saini ya fundi aliyeirekebisha.

Kuhusu walimu, wengi ni marubani vijana wanaokusanya saa ili waingie mashirika makubwa. Leseni ya juu ya usafirishaji, ile ya marubani wa mashirika ya ndege, huhitaji saa 1,500. Marekani, baada ya ajali ya ndege ya Colgan Air karibu na Buffalo mwaka 2009, sheria ilibadilishwa mwaka 2013 ili hata rubani msaidizi wa shirika la abiria awe na leseni hiyo, na kufundisha ni njia mojawapo kubwa ya kuzifikia saa hizo. Hakuna ubaya hapo; kijana mwenye bidii huweza kuwa mwalimu mzuri sana. Tatizo ni chuo kinachoacha walimu wapishane huku mwanafunzi akianza upya na kila mgeni. Uliza ni walimu wangapi waliondoka mwaka uliopita, na nani alipokea wanafunzi wao. Kisha omba kukaa kimya pembeni wakati mwalimu anazungumza na mwanafunzi baada ya kutua. Ikiwa mazungumzo ni dakika mbili wakielekea kantini, somo limeachwa nusu. Mwalimu anayejua kazi hukaa chini, huchora njia waliyopita, humwuliza mwanafunzi aliona nini kabla hajamweleza yeye alichokiona.

Kuna mambo mawili ya kumaliza kabla hata ya kuchagua chuo. La kwanza ni afya. Kwa viwango vya ICAO, rubani wa biashara anatakiwa kuwa na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachopima macho, uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, moyo na mengineyo. Kapime kwa daktari aliyeidhinishwa kabla ya kulipa senti yoyote. Inaumiza kumwona kijana aliyefika nusu ya mafunzo akigundua tatizo ambalo lingejulikana kwa uchunguzi wa asubuhi moja.

La pili ni wapi unataka kufanya kazi. Leseni ya nchi moja haikubaliki moja kwa moja katika nchi nyingine. Ulaya, anayelenga leseni ya usafirishaji hufanya mitihani 13 ya nadharia, kila mmoja kwa alama zisizopungua 75 kwa mia. Tangu Januari 2021 leseni ya Uingereza si sehemu tena ya mfumo huo wa Ulaya, na aliyesoma upande mmoja akitaka kuhamia wa pili ana mitihani na gharama zinazomsubiri. Iulize mamlaka ya anga ya nchi unayotaka kufanyia kazi, kwa maandishi, itadai nini ili ikubadilishie leseni. Kiingereza cha mawasiliano ya redio nacho kifike angalau daraja la nne la ICAO kwa safari za kimataifa.

Sasa tuje kwenye fedha, na hapa nitasema bila kuzunguka: usilipe ada yote kwa mkupuo. Februari 2008 Silver State Helicopters ya Marekani ilifunga ghafla na kufilisika, ikawaacha wanafunzi wengi na mikopo mikubwa lakini bila leseni. Mwaka 2023 Tayside Aviation ya Dundee, Uskoti, nayo ilifilisika. Chuo kinaweza kuwa na walimu bora na bado kikaishiwa fedha. Lipa kwa awamu zinazofuata saa ulizoruka, na punguzo la kulipa yote mapema lisikutoe kwenye msimamo huo. Soma kifungu cha kurudishiwa fedha. Uliza saa ya malipo huanza lini: injini inapowashwa, au ndege inapoondoka ardhini? Kwenye uwanja wenye foleni, tofauti hiyo huongezeka kila siku. Uliza pia kama ada inajumuisha mafuta yakipanda bei, tozo za kutua, mtahini, na mtihani wa kurudia.

Ahadi ya ajira ichunguze vivyo hivyo. Picha za wahitimu waliovaa sare hazisemi walianza wangapi. Taka namba mbili za kundi moja: walioingia, na waliotoka na leseni.

Mwisho, idhini. Cheti cha chuo kina tarehe ya kuisha na orodha ya kozi kinazoruhusiwa kufundisha, na si ajabu chuo kikawa na idhini ya leseni ya binafsi pekee huku kikitangaza ya biashara. Chukua namba ya cheti hicho, wasiliana na mamlaka ya anga iliyokitoa, na usubiri jibu kabla hujasaini mkataba.