Kumbukumbu ya Sekunde Chache Ndani ya Bakteria

Wanafunzi wangu wakiulizwa utambuzi ulianzia wapi, wengi hutaja ubongo, nami huwarudisha kwa kiumbe asiye na hata seli moja ya neva. Bakteria wa Escherichia coli, akaaye matumboni mwetu, ana urefu wa takriban sehemu mbili kati ya elfu moja za milimita. Ukimtazama kwa hadubini utamwona akiogelea moja kwa moja kwa sekunde moja hivi, kisha akipinduka pale pale kufumba na kufumbua, halafu akishika njia nyingine asiyoichagua. Mikia yake ikizunguka kinyume na mwendo wa saa, hujisokota pamoja na kumsukuma. Mmoja ukigeuza mzunguko, fungu hufumuka naye huyumba.

Atafikaje kwenye chakula, basi? Mwili wake ni mfupi mno kupima kwa uhakika kama chakula kimezidi mbele kuliko nyuma. Mwaka 1972, Robert Macnab na Daniel Koshland waliwachukua bakteria wa Salmonella, ndugu wa karibu wa huyu, wakawaongezea ghafla kirutubisho kilichoenea sawasawa kila upande. Hapakuwa na upande uliozidi mwingine, hata hivyo waliogelea kwa muda bila kupinduka, kana kwamba wanaelekea penye neema. Maana yake ni kwamba walikuwa wakilinganisha sasa na punde iliyopita.

Kumbukumbu hiyo imo katika vipokezi vya utando wa seli, yaani protini zinazohisi kemikali zilizo nje. Kirutubisho kikigusa kipokezi, ishara ya kupinduka hupungua mara moja, lakini vimeng'enya huhitaji sekunde kadhaa kukibandika kipokezi vikundi vya methili, yaani vipande vidogo vya kemikali, hadi kirudi katika hali yake ya kawaida, na kuchelewa huko ndiko kunakohifadhi habari za nyuma.

Kuita jambo hili kufikiri ni kutia chumvi. Nionavyo, hata hivyo, kulinganisha ya sasa na yaliyopita kulitangulia neva kwa muda mrefu sana, na neva, zilipotokea zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ziliikuta mbinu hiyo tayari. Pua zetu hufanya vivyo hivyo kwa mitambo mingine, inayotegemea zaidi kalsiamu: anayekaanga vitunguu huacha kusikia harufu yavyo baada ya dakika chache, ilhali anayeingia kutoka uani huisikia papo hapo.