Uzuri wa sura: kioo, picha na jicho lililozoea

Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu kupiga picha za pasipoti. Alipokabidhiwa zile nne, akazitazama mara moja, akazilaza kifudifudi juu ya kaunta. "Mjomba, ona uso ulivyokwenda upande. Kumbe ndivyo nilivyo?" Mimi niliona sura ile ile niliyoijua tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Siku hizi anaulizia bei ya mkorogo, ndiyo maana naandika haya.

Dhana: kioo hukubembeleza, picha ndiyo husema kweli

Hii ndiyo inayoumiza wengi. Ukweli ni kwamba uso wako unaujua kupitia kioo, yaani ukiwa umepinduliwa. Na hakuna uso ulio sawa pande zote: nyusi moja imepanda, mdomo umeelemea kidogo. Kwenye picha vyote vinahama upande, jicho linashtuka, nawe unauita mshtuko huo ubaya.

Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Milwaukee, Marekani, walipiga wanawake picha na kuzitoa kwa namna mbili: kama zilivyo, na zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo. Wenyewe walielekea kuchagua za kioo. Rafiki na wapenzi wao wakachagua zile za kawaida. Kila mtu alipenda sura aliyoizoea.

Nguvu ya mazoea ilionekana tena katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, katika utafiti uliotoka mwaka 1992. Wanawake wanne wanaofanana mvuto waliingizwa darasani wakae tu, bila kuzungumza na mtu: mmoja hakuhudhuria hata siku moja, wengine mara 5, 10 na 15. Wanafunzi walipoonyeshwa picha zao mwisho wa muhula, aliyehudhuria zaidi ndiye aliyewavutia zaidi, ingawa hawakumkumbuka hasa.

Dhana: uzuri una kipimo kimoja dunia nzima

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Devendra Singh alionyesha kwamba wanaume wa Marekani walipenda michoro ya wanawake ambao kiuno ni kama 0.7 ya nyonga. Namba hiyo ikageuzwa sheria. Kisha watafiti wakaenda na michoro ya aina hiyo kwa Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini, kando ya Ziwa Eyasi hapa Tanzania. Wanaume wale hawakukitaka kiuno cha nyigu. Walichagua wanawake walionenepa. Baadaye walipoonyeshwa picha za ubavuni, walipenda makalio yaliyojitokeza kuliko walivyopenda Wamarekani. Michoro ya mbele haikuonyesha jambo hilo kabisa!

Nyuso nazo zina kisa. Mwaka 2007 watafiti walichanganya picha za nyuso nyingi kupata uso mmoja wa wastani. Wahadzabe waliupenda uso wa wastani wa Wahadzabe wenzao. Uso wa wastani wa Wazungu haukuwavutia kuliko nyuso nyingine za Wazungu. Waingereza, ambao wameona nyuso za kila namna, walipenda wastani wa pande zote mbili. Wastani huo jicho hujifunza kwa nyuso linazokutana nazo. Sisi wenyewe tulikuwa na majina mazuri, maji ya kunde, shingo ya pingili, mwanya, kabla matangazo hayajatujaza ngozi ya aina moja. Na mkorogo wenye zebaki hauishii usoni, huingia mwilini na kuumiza figo.

Dhana: wasiofanana ndio huvutana

Hapana. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2023 uliokusanya tafiti za miongo mingi ulikuta wenzi hufanana katika mambo mengi, kuanzia elimu na imani hadi uvutaji sigara.

Juzi niliipiga kwa simu ile picha ya pasipoti, nikaigeuza kushoto kulia, nikampa mpwa wangu. Akaitazama muda mrefu. "Sasa huyu ndiye mimi." Mama yake akachungulia juu ya bega lake, akatikisa kichwa: "Hapo wamekuharibu mwanangu. Nipe ile nyingine."