Virusi vya kompyuta: programu inayosubiri mkono wako

Saa kumi na mbili jioni mwanafunzi anaingia steshenari akihema. Ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo inatakiwa kesho asubuhi. Anatoa flashi, tunaichomeka. Folda zake sita zinaonekana zote, ila kila moja ina kishale kidogo kwenye kona ya picha yake, na kwenye safu ya ukubwa pameandikwa kilobaiti 1, au 2. Folda ya kweli haiandikwi ukubwa kwenye orodha hiyo. Yeye hana muda wa kutazama hayo. Anabofya folda ya ripoti, inafunguka kama kawaida, anachapa, analipa, anakimbilia daladala.

Alichobofya hakikuwa folda. Kilikuwa shotikati, yaani kielekezi tu, na kilipobofywa kiliendesha kwanza programu iliyojificha ndani ya flashi, kisha kikamfungulia folda yake halisi ili asishtuke. Sasa programu hiyo imehamia kwenye kompyuta ya duka. Kila flashi itakayochomekwa baada yake, ya mwalimu, ya mchungaji mwenye ratiba ya ibada, ya mama mwenye barua ya kuomba kazi, itaondoka nayo.

Nimefanya kazi kwenye duka la namna hiyo kwa miaka kadhaa, na sijaona mfano unaoeleza maana ya kirusi cha kompyuta vizuri kuliko huo.

Kirusi cha kompyuta ni programu. Si kijidudu, si vumbi, wala si flashi iliyochoka. Ni maagizo yaliyoandikwa na mtu, kama ilivyo programu ya kuchezea muziki, ila haya yameandikwa ili yajinakili yenyewe kutoka faili hadi faili au kifaa hadi kifaa bila mwenye kifaa kuwa na habari. Kufuta kazi za watu, kuiba nywila au kufunga mafaili ni mzigo unaobebwa juu ya hapo, na vipo virusi ambavyo havikubeba mzigo wowote, vilienea tu.

Jina lilitokana na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, Fred Cohen, aliyeonyesha mwaka 1983 jinsi programu inavyoweza kujipachika ndani ya programu nyingine. Leonard Adleman, mwalimu wake, ndiye aliyependekeza iitwe kirusi. Ulinganisho huo ni mzuri kuliko watu wanavyodhani. Kirusi cha mafua hakiwezi kuzaliana kikiwa peke yake, lazima kipate seli ya kiumbe hai. Kirusi cha kompyuta nacho lazima kipate faili la kukaa, na lazima kitu kikiamshe. Faili lenye kirusi likikaa kwenye diski mwaka mzima bila kufunguliwa halifanyi lolote. Linaanza kazi pale linapoendeshwa, na mara nyingi anayeliendesha ni wewe, kwa kidole chako. Hapo ndipo kinga ilipo, na ndiyo sababu naona watu wanahangaika sana kutafuta antivairasi ya bei kubwa na kuhangaika kidogo sana na kidole.

Katika mazungumzo ya kila siku tunaita vyote virusi, na sioni ubaya. Wataalamu husema programu hasidi, kisha hutofautisha: kirusi hujipachika kwenye faili, mnyoo husafiri wenyewe kupitia mtandao au flashi, na Trojani hujifanya programu ya maana, ukaipokea kwa mikono miwili kama watu wa Troya katika hadithi ya kale walivyompokea yule farasi wa mbao aliyeficha askari tumboni.

Kusafiri kwa mkono si jambo la leo. Mwaka 1986 huko Lahore, Pakistan, ndugu wawili wenye duka la kompyuta, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika kirusi kinachoitwa Brain. Kilikaa kwenye ile sehemu ya diski inayosomwa kwanza kompyuta inapowashwa, na ndani yake waliweka majina yao, anwani ya duka na namba ya simu. Walieleza kuwa walitaka kuwabaini waliokuwa wakinakili programu yao bila kulipa. Intaneti ya nyumbani haikuwapo, lakini kwa watu kuazimana diski tu, kirusi hicho kilifika hadi Marekani. Flashi zetu zinafanya kazi ile ile.

Nirudi kwa mwanafunzi wetu, maana siku inayofuata humkuta analia. Flashi aliyoibeba nyumbani sasa haionyeshi folda hata moja, shotikati tupu, na zimeacha kufunguka kwa sababu antivairasi ya kompyuta nyingine imeifuta ile programu iliyokuwa ikizifungua. Fundi wa kwanza anamwambia flashi imekufa, aiformati, yaani aifute yote ianze upya. Hapana. Kazi zake zipo zote. Kirusi hiki hakifuti kitu, kinazipa folda halisi alama ya kufichwa na alama ya mfumo ili Windows isizionyeshe. Kwanza safisha kompyuta na flashi kwa antivairasi iliyosasishwa. Kisha fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), na kama flashi imepewa herufi E, andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na ubonyeze Enter. Folda zinarudi. Futa zile shotikati, nakili kazi yako pahali pengine, na hapo ndipo uiformati flashi ukipenda. Nimeona tasnifu ya miaka miwili ikirudi kwa mstari huo mmoja, na nimeona nyingine ikipotea kwa sababu mtu aliharakisha kuformati.

Njia ya pili ya kukiwezesha kidole chako kukosea ni jina la faili. Tarehe 4 Mei 2000 watu duniani kote walipokea barua pepe yenye kichwa kinachosema nakupenda, na kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina, hivyo wengi waliona linaishia TXT wakadhani ni maandishi tu. Zile .vbs zilizofichwa ndizo zilizokuwa programu. Ilipobofywa iliharibu picha za mwenye kompyuta, kisha ikajituma kwa kila anwani iliyokuwa kwenye kitabu chake cha barua pepe. Barua iliyofuata ikatoka kwa mtu unayemjua, na nani asingefungua? Mwandishi wake, Onel de Guzman wa Manila, hakufungwa, kwa kuwa Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo. Ilipitisha mwezi Juni mwaka huo huo.

Ujanja huo haujazeeka. Leo linakuja faili la "Tangazo la ajira.pdf.exe", na kwenye skrini unaona "Tangazo la ajira.pdf" peke yake. Dawa yake ni ndogo na ya bure: fungua dirisha la mafaili, nenda kwenye menyu ya mwonekano, uiruhusu Windows ionyeshe viambishi vya majina ya mafaili. Fanya leo. Kuanzia hapo .exe, .scr, .vbs, .bat na .js vitajitokeza vyenyewe. Tangazo la kazi, risiti au matokeo ya mtihani hayana sababu hata moja ya kuishia na herufi hizo. Ukiona faili la Word au Excel linakuomba uwashe makro, yaani maagizo yaliyofichwa ndani ya faili lenyewe, ili ulisome, lifunge umuulize aliyelituma, kwa kumpigia simu na si kwa kujibu barua ile ile.

Lakini nisiwadanganye kuwa kidole ndicho kila kitu. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 mnyoo ulioitwa WannaCry uliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, na haukumwomba mtu abofye chochote. Ulipita kwenye tundu la Windows, yaani kasoro ya usalama, ukafunga mafaili kwa msimbo na kudai dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin. Huko Uingereza hospitali za umma ziliwarudisha wagonjwa nyumbani, na miadi zaidi ya 19,000 iliahirishwa. Ulipungua kasi baada ya kijana mmoja mtafiti, Marcus Hutchins, kusajili jina la tovuti ambalo mnyoo wenyewe ulikuwa ukiliulizia kabla ya kuanza kazi. Kinachoniuma ni hiki: Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla.

Najua kwa nini kwetu watu huzima masasisho. Bando ni ghali na sasisho moja linaweza kula gigabaiti nzima. Hata hivyo ningekuomba utenge bando hilo mara moja kwa mwezi, usiku, kama unavyotenga pesa ya umeme. Na kama kompyuta yako ni mtumba yenye Windows 10, elewa kuwa huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Bila kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, matundu mapya hayazibwi.

Windows 10 na 11 zinakuja na antivairasi yake, Defender, bila malipo, na kwa mtu wa kawaida inatosha ikiwa imewashwa na inasasishwa. Usiweke nyingine mbili juu yake, zitagombana na kuifanya kompyuta itambae. Adui yake mkubwa ni programu za kukrak, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure. Maelekezo ya kuziweka huanza na sentensi ile ile: zima antivairasi kwanza. Mtu asiyekujua anakuomba ufungue mlango wa nyumba, umtoe mlinzi, kisha umwache afanye kazi peke yake chumbani, nawe unakubali kwa sababu programu ni ya bure.

Kwenye simu, tukio baya hupita kwenye APK, faili la programu linalotumwa kwenye kundi la WhatsApp au kupakuliwa nje ya Play Store: WhatsApp isiyo rasmi, mchezo uliovunjwa kufuli, "programu ya kupata mkopo haraka". Tazama inachoomba. Tochi haina haja ya kusoma SMS zako. Kinachotisha zaidi ni ruhusa ya huduma za ufikivu, zilizotengenezwa kuwasaidia wasioona vizuri. Programu iliyopewa ruhusa hiyo inaweza kusoma kilichoko kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako, na kwa sisi tunaotunza pesa kwenye simu hilo ni sawa na kumkabidhi mtu pochi. Na ule ukurasa unaowaka mwekundu ukisema simu yako ina virusi, pakua hapa uvisafishe, ni uongo. Ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kuikagua simu yako ukajua hilo. Kirusi ndicho hicho unachoambiwa upakue.

(Ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" si kirusi, ni utapeli wa maneno. Kwa walioko Tanzania, hutumwa kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.)

Simu kujaa, kupata moto ikiwa kwenye chaji au betri kuisha mapema mara nyingi si virusi, ni picha nyingi na betri ya zamani. Dalili za kutilia maanani ni programu usiyoikumbuka kuiweka, bando linaloisha bila wewe kutumia, matangazo yanayoruka hata ukiwa hujafungua kitu, na marafiki wanaouliza mbona umewatumia linki.

Ukishaingiwa, kata intaneti kwanza. Badilisha nywila ukitumia kifaa kingine, ukianza na barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine nyingi hurejeshwa kupitia hiyo. Mafaili yakifungwa na kudaiwa fidia, usilipe: hakuna anayekuhakikishia kuwa utapewa ufunguo. Kinachookoa hapo ni nakala, na nakala hiyo iwe kwenye diski ambayo imechomolewa, kwa kuwa diski iliyochomekwa hufungwa pamoja na vingine.

Na kwa wanafunzi wanaokuja kuchapa, siku hizi nawaambia wasilete flashi kabisa. Geuza ripoti iwe PDF ukiwa nyumbani, itume kwa barua pepe ya duka kabla hujatoka, na usiingize nywila yako kwenye kompyuta ya duka hata kama mwenye duka ni ndugu yako. Ikibidi flashi, iwe na faili hilo moja tu, na ukirudi nyumbani uiskani kabla hujabofya chochote kilichomo.